Dinari ya Selestini na Rupia ya Kabula

Marehemu Selestini Mayige alizaliwa Ngulyati tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa Mzee Mayige Nyanda na Mama Ng'washi. Alisoma hapohapo hadi darasa la nane, na mwaka 1969 akawa katekista.

Septemba 14, 1971, alifunga ndoa na Justina Mashimba, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1974 padre mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia dinari ya fedha ya Warumi. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Kaisari, upande wa pili mwanamke ameketi. Kilatini marehemu hakukijua hata herufi, lakini alitangaza bila kupepesa macho kuwa yule ni Bikira Maria. Watoto wa komunyo ya kwanza waliibusu kwa zamu.

Mdogo wake, Kabula, alivaa shingoni rupia ya Mjerumani, ya bibi yao ambaye Kabula alirithi jina lake. Walizoea kuitana ilumbu, kama kaka na dada wa Kisukuma. Mwaka 1978 Kabula alipotaka kufunga ndoa, marehemu alimwambia, "Vua hiyo mizimu kwanza."

"Ilumbu, na hiyo yako si sura ya mtu?"

Marehemu alifuta jina la Kabula kwenye orodha ya ndoa. Kabula akaolewa Bukundi kwa ng'ombe tu, kanisani hakukanyaga tena.

Mwaka 2023 mjukuu wa marehemu, Flora, anayesoma historia chuoni, aliyasoma maandishi ya Kilatini ya ile dinari. Yalimtaja Kaisari Tiberio, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Yule mwanamke, alisema, wengi humdhania kuwa ni mama yake Kaisari, ameketi kama mungu wa amani.

Marehemu hakula siku hiyo. Kesho yake alisema, "Nimewabusisha watoto mizimu ya Warumi, halafu nikamfukuza dada yangu kwa ajili ya bibi yetu."

Tayari sukari ilikuwa imemchukua mguu. Alituma ujumbe Bukundi, Kabula akajibu, "Aje mwenyewe." Alituomba sisi wa nyumbani tumpeleke. Tulimwambia mvua ziishe kwanza, tukaahirisha mwaka hadi mwaka, na tunajuta. Alifariki nyumbani tarehe 11 Aprili 2025, mvua zikinyesha.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na dada mmoja, Kabula, ambaye jina lake aliagiza lisomwe leo, lisifutwe tena.

Kabula alifika jana, rupia shingoni. Neno la kumuaga ameomba liwe lake: "Ilumbu, nimekuja mimi. Pumzika."