Ndoo za Alwin Wesseling

Wafiwa wenzangu na majirani, nasimama hapa mimi Hedwig, dada yake mkubwa, kwa kuwa binti yake amezidiwa na kilio, nami machozi hayajanijia bado, nimepigwa na butwaa tu.

Ndugu yetu Alwin Wesseling alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, katika nyumba ya langoni ya ngome ya Lünsbrock, akasoma miaka minane shule ya kijiji, na mwaka 1964 akaanza kazi ya baba yetu ya kutunza mlango wa maji, ili handaki linaloizunguka ngome lisikauke, maana kuta zile zimesimama juu ya magogo ya mwaloni, na gogo likiwa majini hudumu karne na karne, likipigwa na hewa huoza. Ngome ikageuzwa shule ya muziki, kisha hoteli ya harusi, na maji ya Alwin hayakushuka hata shubiri.

Alifunga ndoa na marehemu Mechthild tarehe 12 Mei 1974, wakajaliwa mtoto mmoja, Annegret.

Ugonjwa hakuwa nao. Mwezi uliopita mkurugenzi mpya wa hoteli, Bwana Terhorst, yule pale safu ya pili, aliamuru mlango wa maji ufunguliwe ili handaki likauke, eti harufu inawakera maharusi, Alwin akamwambia, "Bwana, magogo yatakufa," akajibiwa, "Mzee, umestaafu, kapumzike, na mlango ule usiuguse." Mimi nikamwambia Alwin, "Mjinga wewe, mkono wa chuma wa baba wa kuzungushia na kuufunga mlango si unao ghalani?" Akasema, "Dada, nimekatazwa mlango. Ndoo sijakatazwa." Basi akawa anachota maji kijitoni na kuyamwagia magogo, wiki mbili nzima, hadi Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa tano asubuhi, moyo ukasimama, ndoo iko mkononi. Mtu aliyemaliza viazi vyake saa moja asubuhi ile ile, akaomba vingine!

Tunamshukuru daktari aliyekuja mbio, wafanyakazi wa hoteli waliomtoa matopeni, na majirani, ambao kwa desturi yetu ndio wabeba jeneza, jirani wa karibu akitangulia. Jirani wa karibu ni ngome, Bwana Terhorst, kwa hiyo bega lako liwe la mbele. Mkivuka daraja usishtuke kuona maji, mkono wa baba umo kikapuni mwangu, nimeufunga mlango mwenyewe leo alfajiri, na ukifungua nitafunga tena, mimi hakuna aliyenikataza.

Alwin, magogo yamelowa. Weka ndoo chini, pumzika kwa amani.