Tabia ya Kamishna

Benchi la Malam Lawwali, muuza chai, liko pale njia panda ya kwetu Jos, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea, likitazamana na duka la dawa la Dokta. Desemba upepo wa jangwani huleta vumbi na baridi ya kuchana midomo, kwa hiyo asubuhi tunabanana hapo na chai ya maziwa ya kopo, mkate na mayai. Sajini ni mzee Bulus, aliyelinda mgodi wa bati miaka ishirini na hajawahi kushika bunduki ila ya kuazima ili apigwe picha. Wakili ni Gyang, mpiga chapa wa hati za viapo nje ya mahakama. Dokta ni Ozurumba, mwenye duka, ambaye hajaingia chuo cha udaktari hata kwa kupotea njia. Na mimi ni Chollom, mwalimu wa jiografia, miaka thelathini na mitatu. Tangu nilipoomba kazi ya upelelezi wa dawa za kulevya wa serikali kuu, wananiita Kamishna.

Mtihani wa kuandika nilipasua. Niliweza kutaja majina ya vidonge na mbegu na moshi wa kila aina kama mtu anayetaja wajomba zake. Mbio nilimaliza wa pili kutoka mwisho, na niliyemshinda alikuwa amevunjika kidole cha mguu. Lakini nilipita. Asubuhi ile nilikuja na barua mfukoni, na Wakili akaninyang'anya kabla sijakaa.

— “Maofisa watafika mtaani kwako bila taarifa,” akasoma kwa sauti ya mahakama, “kuuliza majirani kuhusu tabia yako.” Kamishna, umekwisha.

— Nimekwisha kwa nini? Tabia yangu ina nini?

— Haina kitu. Ndiyo shida. Watauliza, nani anamjua Chollom? Watu watasema, yule anayeshikilia benchi kwa kunyonya kikombe kimoja kwa saa mbili?

— Tulieni, akasema Sajini. Mimi hawa watu nawajua. Hawaji na sare. Kule mgodini alikuja mmoja kama kichaa, ameshika sufuria kichwani. Wiki nzima anaimba getini. Kumbe anahesabu malori.

— Ulijuaje kwamba ni mpelelezi?

— Kichaa gani anavaa soksi zinazofanana?

— Mzee, hiyo chai hata Lawwali hajaichemsha bado.

Lawwali alikuwa akimimina chai kutoka kikombe hadi kikombe, mkono mmoja juu, mwingine chini, bila kumwaga tone. Hakuinua macho.

— Msiniingize, akasema. Mimi nauza ya moto tu.

— Siku hizi wanatumia mbuzi, akasema Wakili.

— Mbuzi?

— Anafungwa kamera kwenye pembe. Nani anamshuku mbuzi? Anaingia uani kwako, anakula maganda ya viazi, anakuangalia. Jioni wanamrudisha ofisini wanamchomeka kwenye kompyuta.

— Kumchomeka wapi?

— Hayo ni mambo ya kitaalamu.

Nilicheka, lakini sitaficha: jana yake kulikuwa na mbuzi mgeni uani kwetu, na nilimfukuza kwa ndala.

— Mimi nawaambia wanapima damu, akasema Dokta. Ukitafuna mbegu ya kola, ukinywa hata dawa ya kikohozi, mashine inalia. Kamishna, wiki hii usimeze kitu. Kichwa kikiuma, vumilia. Na wakinifuata mimi, usiwe na wasiwasi. Nitawaambia nakujua miaka tisa, kijana safi, hata bia akinywa anaomba radhi.

— Asante, Dokta.

— Tutakuja na mke wangu siku unaapishwa. Ameshachagua kitenge.

Fundi cherehani wa kutembea akapita, mashine begani, akigonganisha mkasi wake ili watu walete nguo. Sajini akasimama wima akampigia saluti. Yule fundi akashtuka, akavuka barabara.

— Umeona? akasema Sajini. Ametambua kwamba ametambuliwa.

Ndipo alipokuja yule mama. Amevaa kanga mbili juu ya sweta, viatu vya mvua, na kipochi amekibana kwapani. Akasimama mbele ya benchi, akatutazama mmoja mmoja.

— Hamjambo hapa. Nimeambiwa nitampata Chollom, yule wa dawa za kulevya.

Sijui niseme nini kuhusu dakika tano zilizofuata, ila kwamba sote tuliaibika baadaye. Wakili alifuta benchi kwa mkono wa shati lake. Sajini alivua kofia. Lawwali alimpa kikombe chenye mshikio, kile kimoja alicho nacho.

— Karibu, mama. Karibu sana, akasema Wakili. Chollom ni mtu wa kanisani. Kwaya, sauti ya pili.

— Hagombani, akasema Sajini. Hata ukimpiga.

— Mbuzi anawapenda mno, akasema Wakili, akanikonyeza.

— Mama, akasema Dokta, mimi ndiye mwenye duka lile. Miaka tisa namjua. Andika: hana doa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa nimenyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, nikatabasamu tabasamu la unyenyekevu. Nikasema:

— Mimi ni mtumishi tu wa nchi yangu.

Mama alitusikiliza mpaka tukamaliza. Alishika kikombe bila kunywa.

— Sina cha kuandikia, akasema. Mimi ni mama yake Ponfa, yule anayejifunza kuchomelea hapa karakanani. Mtaa wa nyuma, nauza uji wa kunu. Mwanangu analala siku mbili, akiamka anatetemeka. Juzi ameangukia moto wa mashine, mkono wote umebabuka. Nimekuta hivi kwenye kiatu chake.

Akafungua kipochi, akatoa karatasi ya vidonge, nusu imetumika, haina jina. Akaniwekea kiganjani.

— Nimesikia wewe unasomea mambo haya. Basi nina swali moja tu. Hapa kwetu, vidonge hivi vinauzwa wapi?

Mashine ya kuchomelea ililia, ikanyamaza. Sajini alivaa kofia yake taratibu, kana kwamba ina maji ndani. Wakili alitazama vidole vyake.

Swali lilikuwa jepesi. Tulijua sote. Duka lilikuwa hatua thelathini mbele yetu, na njia ya kwenda mlango wake wa nyuma tuliiona kila siku. Vijana walikuwa wanapita pale wakisema wanataka “ya mgongo,” vijana ambao migongo yao haijawahi kubeba kitu. Tulifanya mzaha juu yake. Mimi nilicheka kuliko wote.

Na tulikuwa na sababu zetu za kunyamaza. Mwaka ule wa machafuko, amri ya kutotoka nje ilipowekwa mchana na usiku, mama yangu alibanwa na pumu saa nne asubuhi. Askari walikuwa kwenye kona. Dokta alivuka barabara ile mikono juu, begi la dawa mdomoni, akaketi na mama hadi pumzi ikarudi. Mtu kama huyo, mlango wake wa nyuma unautazama kwa jicho gani?

Dokta mwenyewe alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

— Samahani, akasema yule mama. Nilidhani mnajua.

Akachukua karatasi yake kiganjani mwangu, akarudisha kikombe kwa Lawwali kikiwa kimejaa, akaondoka.

— Maskini, akasema Wakili.

— Haya, akasema Sajini. Tulikuwa wapi?

Nikasimama.

— Kaa, Kamishna. Chai itapoa.

Nilimkuta kwenye kidaraja cha mfereji. Nilikuwa nahema, na ilikuwa hatua mia tu. Wale waliopima mbio zangu walinionea huruma.

— Mama Ponfa. Ni dukani kwa Dokta. Mlango wa nyuma.

Hakushtuka. Alinitazama usoni.

— Yule aliyesema huna doa?

— Huyo.

— Na wewe umejua tangu lini?

Mtihani mzima wa serikali kuu haukuwa na swali gumu kama hilo.

— Miaka mitatu, nikasema.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Yeye alifunga kanga yake vizuri.

— Ofisi yao iko mjini?

— Iko mjini.

— Basi twende.

— Nisubiri kidogo. Kuna mtu lazima nimwambie.

Nikarudi. Dokta alikuwa ameshasimama, amejua.

— Dokta, nakwenda kutoa taarifa.

— Juu ya nani?

— Juu yako.

Sajini akasema, “Ee Yesu.” Dokta hakupaza sauti.

— Mama yako hajambo siku hizi?

— Hajambo. Kwa sababu yako.

— Na bado unakwenda?

— Nakwenda. Vidonge vimwage leo kama unataka. Mimi nitasema vilikuwapo.

— Kwa ajili ya cheo, Chollom?

Hilo liliniuma, maana sikuwa na hakika kwamba si kweli. Nilisema tu, “Mkono wa yule kijana umebabuka,” nikaonekana mjinga. Nikaenda.

Mjini ofisa wa mapokezi alituandikia taarifa kwa kalamu iliyogoma mara mbili. Alipofika kwenye jina langu akainua uso.

— Chollom? Si wewe ndiye unayeomba kazi hapa?

— Ndiye mimi.

— Basi jibu vizuri. Ulijua tangu lini?

Mama Ponfa alikuwa ameketi pembeni yangu. Ningeweza kusema jana. Nikasema miaka mitatu, naye akaandika.

Maofisa walikuja siku ya pili, na Dokta hakuwa amemwaga kitu. Alikabidhi maboksi mwenyewe, akaingia garini bila kutazama benchi. Ponfa yuko hospitali kwa matibabu. Mama yake anasema kuna siku mwanawe anamtambua na kuna siku hamtambui. Mke wa Dokta tukikutana sokoni hubadili njia, na mimi naona afadhali abadili yeye kabla yangu.

Benchi halikunifukuza. Lilininyamazia tu. Nilikunywa chai wiki tano nikisikiliza jinsi mkate unavyotafunwa. Kisha barua nyingine ikaja, na Wakili, ambaye hawezi kuona bahasha akajizuia, akaninyang'anya.

— “Hukufaulu katika hatua ya uchunguzi wa tabia.”



— Haiwezekani, akasema Sajini. Wameuliza nani? Mimi hawajanifikia!

— Wala mimi, akasema Wakili. Kuna mtu amekusemea vibaya, Kamishna. Ni yule fundi cherehani.

— Au mbuzi.

— Mbuzi hana kinyongo. Huyu ni mtu anayekujua kwa ndani. Mtaje tumshughulikie. Nani amewaambia ubaya wako?

— Mimi, nikasema.

Walinitazama. Kisha Sajini akasogea kidogo, benchi likapata nafasi, na Lawwali akanimiminia kikombe ambacho sikukiomba.