Mlango wa Kushoto wa Moyo wa Apolinaria

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2024, nyumbani Isevya, Apolinaria alikoroga uji wa ulezi, akakaa kibarazani akiangalia vumbi linavyoelea juani. Walikuwa na safari ya Usinge, kumbatiza mjukuu. Mumewe, Mzee Kasimiri, akamwambia:

"Mama Hilari, kidonge cha maji kiache kwanza. Basi halisimami ovyo."

Kidonge hicho kilikuwa kikimtoa maji mwilini kwa haja ndogo. Apolinaria akacheka. "Na likisimama, kichaka kiko wapi? Mmelima tumbaku mpaka barabarani!" Akakirudisha kwenye kopo.

Marehemu Apolinaria alizaliwa Usinge tarehe 3 Mei 1957, binti wa Mzee Anton, mrina asali. Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1968 aliumwa koo. Koo la mtoto, nani alijali? Baada ya wiki chache magoti yakavimba. Yakapona, na watu wakasahau.

Tarehe 16 Julai 1977 alifunga ndoa na Kasimiri, kibarua wa njia ya reli, wakaishi Tura. Marehemu aliuza asali na karanga stesheni. Treni ikisimama, alikimbia dirisha kwa dirisha, kisha akashika kifua na kuhema. Mumewe alidhani ni jua. Walihamia Isevya mwaka 2008.

Mwaka 2015 daktari aliwaambia kwamba lile koo la utotoni ndilo lililoharibu moyo. Mzee hakuelewa. Jioni marehemu akamweleza taratibu, kama anayesimulia nchi aliyowahi kuitembelea.

"Moyo una vyumba vinne. Kulia inaingia damu iliyochoka, inapelekwa mapafuni ikavute hewa. Ikirudi inaingia kushoto, inasukumwa mpaka kwenye kucha. Katikati kuna vijilango. Damu ikishapita, vinafunga. Changu kimoja cha kushoto kimekakamaa, hakifungi. Damu inarudi nyuma, maji yanatuama mapafuni."

Mzee akaweka sikio mgongoni pake. Akasikia kama msafara wa zamani unapita mbali, wapagazi wengi, mmoja anaburuza mguu. Alisikiliza hivyo miaka tisa. Mara nyingine alisinzia hapo hapo, akaota anaandamana nao.

Miguu ya marehemu ilipovimba, mtani wake Yoramu, Mgogo, alikuja kumjulia hali. "Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu, wewe unabeba maji miguuni?"

"Na wewe umefuata nini?" akamjibu. "Kutoza hongo ya kupita, kama babu zako walivyotoza misafara? Chota ndoo moja uende."

Usinge walikaa siku tatu. Mtoto alibatizwa, ngoma ikalia, vidonge vikabaki Isevya. Waliporudi, Jumanne, marehemu hakuweza kulala chali. Maji yalikuwa yamepanda mapafuni. Alilazwa siku hiyo hiyo. Daktari alisema kidonge cha maji hakiachwi kwa sababu ya safari. Mtu aulize kwanza, apangiwe saa nyingine ya kukinywa. Mzee anaomba ninyi wenye wagonjwa mlishike hilo.

Muuguzi aliuliza nani alimwachisha dawa. Mzee akatazama sakafu. Marehemu akawahi: "Nilisahau mwenyewe, mwanangu."

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba, saa nne asubuhi, alipumua mara ya mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, Hilari, Yustina na Amon, na wajukuu saba, wa mwisho akiwa yule wa Usinge. Bwana ampokee, ampe mahali pa kuketi bila kuhema.

Jioni ya kuamkia Jumapili hiyo, Mzee alikuwa amemwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua. Marehemu akavuta hewa, kisha akasema:

"Baba Hilari, acha kujipa ukubwa. Mdomo ni wangu, kidonge ni changu, na mtoto nilitaka kumwona. Nimemwona. Sasa nigeuze upande huu, nikuone na wewe."