Historia ya Mtoto wa Tatu wa Mzee Kosgei

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Kuresoi na wageni mliotoka Salgaa na Nakuru, mimi ni Cheruto, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa niaba ya familia, na nasimama hapa kwa woga. Mnajua marehemu alikuwa na majina mawili. Baba mdogo Kimaiyo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alinionya jana, "Cheruto, soma tu ile jina yenye iko kwa obituary, usituletee aibu," na vijana wa ukoo waliosimama pale kaburini wamesema jina lile lingine likitajwa watafukia shimo na jeneza litarudi mochari. Basi nitasoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1996 hapa hapa Kuresoi, mtoto wa tatu wa Mzee Kosgei na Mama Jepleting, akabatizwa Sally Chepngeno, akasoma shule ya msingi hapo chini ya barabara hadi mwaka 2010, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana karibu na Molo, ambako alimaliza kidato cha nne Novemba 2014 akiwa na alama nzuri za hesabu, na kwa miaka hiyo yote aliogopa bafu za pamoja, hata akawa anaamka kabla ya kengele kuoga peke yake, na baridi ya Molo mnaijua.

Mwaka 2015 alianza kupakia viazi kwenye malori mjini Molo, akanyoa nywele, na mwaka 2018 akahamia Salgaa, akawa fundi wa magurudumu, na huko ndiko walikoanza kumwita jina alilojichagulia. Nilimuuliza, nikiliogopa jibu, kama sasa yeye ni mwanamume, naye akaniambia, "Sister, hata mimi sijui mwanaume ni nini kabisa, but wakiniita msichana naona ni kama wanaongea na mtu mwingine." Alikuwa bado anatafuta. Uanaume wa kupiga meza na kutisha watu aliukataa, akasema anautaka ule wa Baba, ambaye kila asubuhi humchemshia Mama maji ya kuoga na hapendi watu wajue, na mikono ya marehemu mwenyewe, ile ya spana, ilisuka nywele za binti zangu vizuri kuliko mimi, wala hakuona kwamba hilo limempunguzia kitu.

Kuhusu ndoa, nimeelekezwa niseme hakuolewa, na ni kweli, hakuolewa. Tangu Agosti 2021 aliishi na Wamuyu, mwenye hoteli ya chai pale Salgaa, yule aliyesimama kando ya ua kwa kuwa anaogopa kuketi na familia, na pamoja walimlea Natasha, binti wa Wamuyu, ambaye hajui baba mwingine.

Januari mwaka huu alianza kukohoa, akakataa kwenda hospitali, si kwa ukaidi, aliogopa lile swali la wodi ya wanaume au ya wanawake, kwa sababu katika kliniki moja wahudumu waliwahi kuitana waje kumtazama. Alipofikishwa Nakuru tarehe 27 Februari mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa maji, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025. Kabla ya kuwekewa mashine ya kupumua alinishika mkono, akaniomba nisikubali azikwe mtu mwingine badala yake.

Wengi mmeuliza kwa nini jeneza halifunguliwi. Katika boma letu mwanamke huoshwa na kuvalishwa na wanawake, na mwanamume na wanaume, na jana pale mochari shangazi zetu walifika na rinda jeupe, mafundi wa Salgaa wakafika na suti, wakaanza kusukumana mlangoni, nikaogopa watapigana juu ya maiti. Baba aliichukua ile suti, akaingia peke yake, akafunga mlango. Alitoka mikono ya shati ikiwa imelowa, akaagiza jeneza lifungwe, mtu asije akambadilisha mtoto wake nguo.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa sista Makhanu, aliyemzungushia kitanda pazia na kumuuliza angependa aitwe nani, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wa Salgaa mliombeba hadi hospitali. Baba mdogo, samahani, bado nakuogopa, lakini Baba, mwenye shamba hili, ameshamwosha mwanawe.

Pumzika kwa amani, Weldon Kosgei, na mwenye hasira aje kwangu, wewe akuache ulale.