Lukumani wa Dosiye Nzima: Miaka Thelathini na Minane Kwenye Biro ya Fishi

Lukumani anaachiliwa! Docteur Rachelle, mukubwa wa shirika letu, ametia sahihi, muhuri uko juu, na safari hii tarehe haisogezwi tena: siku ya 30 Juni 2026 mutoto wangu anaingia retreti, baada ya miaka thelathini na minane na miezi mitano ya kazi. Inchi itakuwa inasherehekea uhuru wake, na yeye wake.

Sasa ndiyo nawasalimu. Wafanyakazi wote wa shirika la Tujali Afya, wa Kasongo, wa Salamabila na wa Wamaza, salamu sana. Mimi ni Mwamvita, mama yake. Nilifagia biro hii miaka kumi na tisa mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo musiseme kalamu imepewa mutu wa nje. Shule yangu ilikoma mwaka wa tano, lakini macho iko na masikio iko. Naomie wa biro amesahihisha herufi tu. Maneno ni yangu.

Lukumani alianza Jumatatu tarehe 1 Februari 1988, kijana wa miaka ishirini na miwili, daktilo, mupiga chapa wa barua. Alikuwa na shati moja jeupe na nililifua kila jioni. Mashine yake ya kuandikia ilikuwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, na herufi moja, ile ya «r», ilikuwa imevunjika. Aliandika barua nzima, kisha akarudi kujaza kila «r» kwa kalamu, pole pole, mpaka usingejua. Mukubwa wa wakati ule alisema hajaona barua safi namna ile tangu aanze kazi. Mimi nilikuwa nafagia korido, nikasikia. Nikafagia pale pale mara ya pili ili nisikie tena.

Wakati wa vita wengine walikimbia na magodoro. Lukumani alikimbia na masanduku mawili ya fishi za wagonjwa, zile karatasi za majina na magonjwa yao. Mukewe hakuongea naye wiki mbili, na alikuwa na haki, maana tulilala chini. Lakini tuliporudi, kituo cha afya kilikuwa bila milango na bila vitanda, na bado kila mama aliyekuja alikuta jina lake.

Ordinatere, ni kusema kompyuta, ya kwanza ilifika mwaka 2005 ndani ya kartoni, na kartoni ilikaa wiki tatu bila kufunguliwa, kwa sababu kila mutu aliogopa kuwa ndiye atakayeiharibu. Lukumani ndiye aliyekata kamba. Akapelekwa Kindu miezi sita kujifunza, akarudi amekonda, anaongea maneno ambayo hata imamu wetu hakuyajua.

Mwaka 2013 ikaja programu ya fishi. Imeandikwa kwa Java, lugha moja ya mashine, na inakaa ndani ya mashine moja wanayoiita serveur. Mashine zingine za kituo zinaiuliza, nayo inajibu: mutoto huyu alichomwa sindano lini, mama yule tumbo lake ni la mwezi wa ngapi. Kasongo ikapata serveur yake, Salamabila yake, Wamaza yake. Aliyechunga zote tatu alikuwa mutu mumoja tu, na munajua nani alimuzaa.

Siku ya kuijaribu alihitaji jina la mugonjwa, lolote. Akaandika la mama yake. Fishi namba moja ni yangu: Mwamvita, mwanamuke, Kasongo, presha kidogo. Nilimwambia presha yangu si habari ya kutangaza. Akasema, «Mama, ni jaribio tu, kesho nafuta.» Hajafuta mpaka leo, na fishi hiyo ikanakiliwa pamoja na programu kila kituo.

Safari ya kwanza ya Wamaza musiisahau, maana yote yaliyofuata yalitoka pale. Siku mbili kwa pikipiki, matope mpaka kwenye kiti. Anafika, anachomeka flashi, kumbe amebeba programu lakini hakubeba Java yenyewe. Na programu bila Java ni barua isiyokuwa na mutu wa kuisoma. Mutandao wa kuiteremsha Wamaza hakuna. Akageuza pikipiki, siku mbili zingine. Nyumbani hakula. Kesho yake alichukua rangi nyekundu akaandika kwenye ukuta wa biro, herufi kubwa: DOSIYE NZIMA. Maana yake, ukienda Kabambare, upande wa Salamabila na Wamaza, usichague, usipunguze. Beba dosiye yote, programu pamoja na Java yake ndani. Unafika, unanakili, unawasha, unaenda kula. Kwa miaka kumi na miwili sheria hiyo haikumwangusha mutu. Vijana wakamwita Papa Dosiye Nzima, naye akajifanya hataki.

Halafu mashine zikazeeka. Zilikula umeme, paneli za jua zikashindwa, jenereta ikawa inakunywa mafuta kuliko pikipiki zote za Salamabila. Ya Wamaza ilikata roho mwezi wa kumi mwaka jana. Fishi zenyewe zilikuwa salama, nakala iko Kasongo, kwa sababu Lukumani ni Lukumani. Shirika likanunua mashine mpya, ndogo kama sanduku la sabuni, zinazotosheka na paneli moja muchana kutwa. Zikapelekwa Kabambare moja kwa moja, hazikupitia Kasongo. Lukumani akapanda pikipiki na dosiye nzima mugongoni.

Wakati huo retreti yake ilikuwa na tarehe tayari, 31 Desemba. Wamaza ilikuwa safari ya mwisho, na mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo. Ameniahidi kunipeleka Nyangwe, kwenye shamba letu la muchele, tukakae karibu na maji tukila samaki wa siku ile ile. Nina miaka themanini. Mutu wa umri wangu akifunga mizigo, si vizuri kumwambia afungue.

Mashine ikakataa. Alinakili, akawasha, ikaandika sentensi moja ya Kifaransa kwamba kitu hiki hakiwezi kufanya kazi hapa. Akarudia, nayo ikarudia. Antoine, infirmier titulaire, ni kusema muuguzi mukuu wa Wamaza, alisimama nyuma yake na daftari mukononi, hakusema neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Lukumani. Akarudi, akaandika ripoti kwamba mashine zimetoka kiwandani zikiwa mbovu.

Retreti ikasogezwa mpaka Machi, kisha mpaka Juni. Docteur Rachelle hakuficha. «Papa Lukumani, siwezi kukuachilia na Wamaza iko kwenye daftari. Fishi elfu kumi na moja nitamuachia nani?» Nilimukasirikia, lakini alisema kweli. Kule Antoine alikuwa anafunua kurasa huku akina mama wamepanga mustari na jua linapanda, na mutoto mumoja nusura achomwe sindano ile ile mara mbili. Na Juni nayo isingekuwa ya mwisho kama mashine zingeendelea kukataa.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, Naomie alikuja kwangu kula wali na samaki. Naomie ndiye atakayeshika kiti cha Lukumani, binti mwenye adabu, anaongea taratibu. Lukumani alikuwa amerudi na mashine moja ndani ya begi ili airudishe kwa waliouza. Ilikuwa pale mezani, kati ya sahani.

«Papa Luku,» Naomie akasema huku anaangalia wali wake, «mashine iko muzima.»

«Muzima namna gani, na inakataa kula?»

«Inakataa chakula tulichoiletea. Ubongo wake, ile processeur, ni wa kabila lingine. Zile zetu za zamani zote ni x86. Hii ni ARM.»

«Java inaenda kwenye mashine yoyote. Ndivyo tulivyofundishwa Kindu, wakati huo wewe uko mugongoni kwa mama yako.»

«Programu ndiyo inaenda popote, Papa. Java yenyewe hapana. Kila ubongo una Java yake. Sisi tumebeba Java ya x86 ndani ya dosiye, mpaka Wamaza.»

Lukumani akaweka kijiko chini. «Kwa hiyo sheria yangu ndiyo mbaya.»

Samaki akapoa. Nikaona ni kazi ya mama, nikawakumbusha jinsi nilivyoposwa.

Mimi ni Mubangubangu wa Kabambare, wengi munajua. Watu wa marehemu mume wangu walitoka Kasongo na mbuzi wanne, mifuko miwili ya chumvi, na musemaji wao, Muzee Hamadi, mutu wa mudomo mutamu, lakini utamu wote ulikuwa kwa lugha ya Kizimba. Kwetu nyumbani, mama ya binti hajibu posa mpaka aulizwe kwa lugha ya nyumba yake. Hamadi akasema vizuri, mama yangu kimya. Akasema tena, kimya. Ikafika saa tisa, wageni wakaanza kufungua mbuzi warudi nao, wanasema familia hii ina kiburi. Ndipo shemeji mumoja akamuita jirani anayejua Kibangubangu. Akasema maneno yale yale, kwa mbuzi wale wale na chumvi ile ile. Kabla ya magharibi nilikuwa nimekwisha kuposwa.

Nikamwambia Lukumani, «Posa haikubadilishwa hata neno moja. Walibadilisha musemaji. Na Hamadi hakuwa mubaya, Kasongo nzima walimutumia mpaka alipokufa.»

Akaangalia mashine pale kati ya sahani. Kisha akasema, «Basi Mama, mimi tangu mwezi wa kumi na mbili niko njiani narudisha mbuzi.»

Tulicheka mpaka Naomie akakohoa muchele.

Jumatatu asubuhi alikaa mwenyewe mbele ya mashine. Kuna neno fupi unaliandika, nayo inakutajia kabila la ubongo wake. Ya zamani ilijibu x86_64. Hii ndogo ikajibu aarch64, ndiyo hiyo hiyo ARM. Ilikuwa imengoja kuulizwa tu. Waliteremsha Java yake kwa mutandao wa biro, ikachukua asubuhi nzima kushuka. Walipoiweka, programu ikaamka bila kubadilishwa hata herufi moja. Kipande cha programu cha kuonyesha picha za wagonjwa kikagoma siku tatu zingine, kwa sababu chenyewe hakikuwa Java, kilitengenezwa kwa ubongo wa zamani tu, mpaka Naomie akapata ndugu yake wa ARM. Leo ndani ya dosiye kuko Java mbili, na mistari michache mbele inayouliza mashine kwanza, ndipo inachagua. Hata siku mashine za zamani za Salamabila zitakapokufa, atakayekwenda hatageuza pikipiki.

Lukumani akatafuta ile rangi nyekundu. Chini ya DOSIYE NZIMA akaandika: LAKINI ULIZA MASHINE KWANZA. Angeweza kumuachia Naomie aandike. Aliandika mwenyewe, kwa mukono wake, biro yote inaangalia, na «r»... hapana, humo hakuna «r», lakini zingekuwapo angezijaza vizuri. Nimemuona mutoto wangu akipewa cheti mara tatu. Siku ya ukuta ndiyo niliyojivuna zaidi.

Mwezi wa tano walikwenda Wamaza wawili. Naomie ndiye aliyechapa, Lukumani alikaa na mikono nyuma, na najua ilimugharimu. Saa sita simu yangu ikalia, ni Antoine.

«Mama Mwamvita, uko wapi?»

«Niko Kasongo, nachambua muchele. Nitakuwa wapi tena?»

«Hapana, Mama. Uko hapa Wamaza mbele yangu. Fishi namba moja. Presha kidogo.»

Nyuma yake nilisikia akina mama wa Wamaza wakipiga vigelegele, na Lukumani hakusikika kabisa, ndipo nikajua analia. Nikamwambia Antoine amwambie afute hiyo presha. Wamekataa wote. Wiki iliyofuata Docteur Rachelle akatia sahihi.

Aksanti kwako Docteur, kwa kuwa mukali pale ulipopaswa. Aksanti Antoine, kwa daftari lako na kwa kukaa kimya. Aksanti kwa mukewe, aliyelala chini kwa ajili ya fishi za watu wengine. Na wewe Naomie, binti yangu, kiti hicho ni cha haki yako. Ukipiga simu Nyangwe mara moja Lukumani atajibu. Ukipiga mara mbili nitajibu mimi.

Lukumani, sisi wote uliotuandika tunakuombea mwili wenye afya, macho yapumzike, muchele uzae, na siku zako ziwe ndefu kuliko zangu. Ulikimbia na fishi, ukarudi nazo. Sasa tembea mikono mitupu, umushike mama yako.

Mizigo yangu imefungwa tena. Chakula cha karamu ya kumuaga kitatosha wote: kuko mbuzi wanne, nimetaka wawe wanne, na safari hii hakuna atakayerudishwa. Jumapili asubuhi sisi wawili tutakuwa njia ya Nyangwe, kwa hiyo atakayechelewa atamukuta Naomie na kazi. Njooni kwenye uwanja wa biro, Kasongo, kuanzia saa nne ya asubuhi, wa Salamabila na wa Wamaza mutangulie kulala kwangu, na asibaki mutu nyumbani Jumamosi, tarehe 4 Julai.