Aliyeshika Mikono ya Mbele

Wafiwa, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyote mliopanda kilima hiki kuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wake marehemu, yule dereva wa malori mwenye kitambi na miwani ya kuazima, awasomee maisha ya kaka yake, naye ameahidi kusoma yaliyoandikwa bila kutia chumvi, jambo ambalo wanaomfahamu wanajua halijawahi kumtokea.

Marehemu, ambaye mlimwita Fundi Cheche hata wengine mkadhani ndilo jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba seremala na mama mkunga, na mama alizoea kusema kwamba huyu alitoka kimya, akitazama huku na huku kama anayekagua kazi ya fundi aliyemtangulia, ilhali mdogo wake, miaka sita baadaye, alitoka akipiga kelele na hajanyamaza mpaka leo.

Alianza shule ya msingi Januari 1974, pale ng'ambo ya korongo, akamaliza Novemba 1980, na kwa miaka yote hiyo alipita njia ile ile ya mawe mnayoijua, ishuke, ivuke maji, ipande tena, na miaka miwili ya mwisho aliipita akiwa na mdogo wake mgongoni, si kwamba mdogo alikuwa na tatizo la miguu, tatizo lake lilikuwa uvivu, na kaka mtu hakuwahi kumsemea nyumbani. Tabia hiyo ya kubeba na kunyamaza mtaikuta tena mbele ya safari, naomba muishike.

Mwaka 1981 aliingia kujifunza kazi kwa fundi wa mageti, akakaa kwake miaka minane, na tarehe 6 Februari 1989 akafungua karakana yake kule chini barabarani, bati juu, saruji chini, akichomelea milango, madirisha na vitanda, na kila kazi aliyomaliza alimpa mwenyewe nyundo, akamwambia, "Piga unavyotaka, ikiachia nakurudishia chako." Hakuna iliyoachia, isipokuwa moja, kanyagio la cherehani ya binti mmoja fundi nguo, ambalo liliachia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya nne yule binti akamwuliza kama hajui kazi au ana lake moyoni. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1993, na kanyagio lile halijaachia tena mpaka leo hii, lipo pale dirishani, nendeni mkalitazame.

Mungu aliwajalia mabinti wawili, wa kwanza alizaliwa tarehe 22 Agosti 1995, ambaye sasa ni muuguzi, na kitindamimba alizaliwa tarehe 3 Septemba 2004, baada ya uchungu wa siku mbili, akachelewa kulia, na alipofika umri wa kusimama miguu yake ikakataa, ikawa inajikaza na kupishana kama mkasi. Hospitali wakawapa kiti cha magurudumu, kizuri, cha kung'aa, kilichotengenezwa na watu ambao bila shaka hawajawahi kuona jiwe, kikawa cha kukalia uani. Shule ilikuwa ng'ambo, korongo liko katikati, na mtoto alikuwa akilia, si kwa maumivu, bali kila akiona wenzake wanateremka na mabegi yao.

Desemba 2010 marehemu akajifungia karakanani wiki mbili, akatoka na kiti cha magurudumu manne mapana, alichokijaribu juu ya saruji kikateleza kama sabuni, watu wakapiga makofi, na siku ya kwanza ya shule kikakwama hatua kumi na moja kutoka mlangoni. Fundi aliyepima kila kitu kwa futi alikuwa amesahau kupima njia. Mtoto, wakati huo ana miaka sita, akageuza shingo akasema, "Baba, kiti hiki kinataka barabara kwanza," na marehemu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamtupa mgongoni wakaenda hivyo hivyo.

Kiti cha pili ndicho kile mnachokiona pale ukutani, gurudumu moja tu, la pikipiki, katikati chini ya kiti, springi mbili, mkanda wa kifuani, mikono miwili mbele na miwili nyuma kama toroli lenye vichwa viwili, maana gurudumu moja hupita kati ya mawe ambapo manne hugombana. Wa mbele huvuta na kuchagua njia, wa nyuma hushika mizani na breki, na mtoto yuko katikati, uso mbele, akitoa amri, "Kushoto! Jiwe! Baba, si hilo, lile!" mpaka majirani wakamwita Nahodha. Sheria ilikuwa moja, ambayo marehemu aliifundisha kila aliyegusa kiti kile, kwamba wa nyuma haachii kwa lolote, hata nyuki wakija, mpaka aseme "Nashusha," na wa mbele ajibu "Shusha." Miaka miwili na zaidi, asubuhi na mchana, korongo lile lilisikia nashusha, shusha, na mtoto akasoma.

Hapa ndipo mwandishi wa historia hii alipokwama, akachana karatasi tatu, akaanza upya.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Mei 2013, mvua ilikuwa imenyesha, jirani mwashi aliyekuwa akishika nyuma ameamka na homa, na mdogo wake marehemu alikuwa amerudi safarini juzi yake, akajitolea kwa maneno mengi, kwamba mtu aliyepitisha tela la tani thelathini kwenye milima ya nchi tatu hawezi kushindwa na binti wa kilo kumi na tisa. Walipofika katikati ya mteremko simu ikaita mfukoni mwake, naye akaachia mkono mmoja, hakusema nashusha, hakusema lolote, alitaka tu kumwambia dereva mwenzake kwamba amefika nyumbani salama. Kiti kikalala upande, kikamburuta marehemu, na mtoto akaangukia mawe, akavunjika mtulinga na mkono wa kulia, akalazwa wiki sita.

Daktari alipouliza nani alikuwa nyuma, marehemu akawahi kujibu, "Mimi," na mdogo wake, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, yakamwishia pale pale, na siku ya pili akapakia mzigo akaondoka. Mliobaki mnayajua mliyosema, kwamba Cheche amemwangusha mwanawe, kwamba anajali chuma kuliko damu yake, shule ikamkatalia mtoto muhula mzima, na mkewe akakaa miezi minne bila kumsemesha, chakula anawekewa mezani, neno hapewi. Miaka kumi marehemu alilibeba hilo, na miaka kumi mdogo wake alirudi likizo akilalamika mgongo, mgongo wa ajabu uliouma mbele ya kiti kile tu na haukuuma mbele ya kreti za soda.

Marehemu alirudi kazini, akashika mikono ya mbele, Nahodha akamaliza darasa la saba, kisha sekondari mwaka 2022, na katikati ya hayo wazazi kutoka vilima vya mbali wakaja na watoto wao, akawatengenezea viti saba, kila kimoja Nahodha akikipanda kwanza na kukitolea kasoro.

Februari 2022 alianza kukohoa, madaktari wakaona mapafu yamechoshwa na moshi wa miaka arobaini, akashindwa kuvuta, jirani mwashi na jirani wa mashine ya kusaga wakawa wanamvusha Nahodha, wakipokezana mbele na nyuma, na marehemu anakaa kwenye jiwe juu ya korongo, akisikiliza, na asiposikia "Nashusha" anagonga bomba la chuma mpaka waanze upya. Agosti mwaka huu mdogo wake alikaa naye kitandani, akataka kulisema lile, akazungushwa na maneno kama kawaida yake, na marehemu akamkatiza, akasema kwa pumzi fupi, "Mtoto alikuwa ameshaanguka, ningewezaje kukuangusha na wewe?" Alifariki dunia Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Siku iliyofuata mdogo wake alikwenda kwa Nahodha kukiri, akaanza mbali, mvua, simu, na binti akamwacha afike mwisho, kisha akasema, "Baba mdogo, mimi nilikuwa nimekaa uso mbele. Nilikuwa naona mgongo wa baba." Alikuwa anajua tangu ana miaka minane, baba alimwomba anyamaze, akanyamaza. Shemeji hakuwa anajua. Alipoambiwa alitoka akakaa kwenye cherehani yake, mguu juu ya kanyagio bila kulisukuma, maana miezi ile minne hairudi na wa kumrudishia hayupo, na neno pekee alilompa huyu anayesoma ni, "Soma. Wasikie wote." Mmesikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, mafundi wenzake waliozima mashine siku tatu hizi, jirani mwashi na jirani wa mashine ya kusaga, ambao mabega yao yanajulikana kwa mawe yote ya njia ile, na majirani wote, hata waliosema yale, kwa kuwa walisema walichoambiwa.

Makaburi yako ng'ambo ya korongo, jeneza litatangulia, na Nahodha amesema anakwenda kumzika baba yake, habaki uani. Mwashi atashika mbele. Nyuma amemchagua mwenyewe, ameambiwa na shangazi yake afikirie tena, akajibu kwamba ameshafikiria miaka kumi. Huyo aliyechaguliwa amezima simu yake na kumkabidhi shemeji, naye ameipokea.

Tutakapofika kaburini atasema nashusha, atangoja ajibiwe, na akijibiwa ndipo atashusha. Pumzika kwa amani, kaka, nyuma kuna mtu.