Mlango wa Tatu na Daftari la Wendell Ostrander

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2014, Wendell Ostrander anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na mitano kasoro siku tano. Ofisi imeandika "miaka 35" juu ya keki. Wendell asingeitia saini keki hiyo.

Aliingia kiwandani Juni 1979, akakaza nati za mota za milango ya gereji kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1993 sheria mpya ilidai kila aina ya mota ithibitishwe kwamba haitambana mtu, naye akahamishiwa chumba cha majaribio. Unalaza sakafuni ubao wenye unene wa inchi moja, unashusha mlango. Mlango ukigusa ubao, lazima urudi juu ndani ya sekunde mbili. Kisha unaandika daftarini tarehe, namba ya mota, matokeo na jina lako, na kumbukumbu hizo zinatunzwa miaka mitatu.

Kwa kuandika hakuwa na mpinzani. Mwaka 2001 alichelewesha jaribio kwa dakika nne akimalizia kula, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: "Pai ya cheri." Mkaguzi alicheka mpaka akaomba nakala.

Lakini jambo ambalo wakongwe hulitaja kwa sauti ya chini ni Januari 1996. Tulikuwa na mota 1,140 za mteja mmoja, zimefungwa, zinasubiri lori. Asubuhi hiyo mlango wa tatu, ambao Wendell aliutumia kujaribia sampuli za mzigo ule, ulianza kurudi juu bila ubao, bila mtu. Ulishuka taratibu, ukasimama kama uliogusa utosi, ukatulia kidogo, ukapanda. Alibadilisha springi, akabadilisha reli, akafunga mota nyingine ya mzigo uleule. Katika mizunguko 400 ulirudi mara 31. Kila mara alipima kutoka sakafuni hadi pale uliposimama. Inchi 34. Zote 31.

Fomu yetu ilikuwa na visanduku viwili tu, "Umerudi" na "Haukurudi", na sote tulizoea kwamba mlango uliorudi ni mlango uliofaulu. Meneja wetu, Bi. Brubaker, alishuka mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nimeshika orodha ya mzigo.

"Wendell, mlango umerudi au haukurudi?"

"Umerudi."

"Si umefaulu basi! Weka tiki, bwana, lori linanguruma huko nje."

"Umefaulu nini, mama? Chini yake hakukuwa na kitu."

"Kwa hiyo siku hizi unaandikia hewa mashtaka?"

"Hewa haina utosi."

Wendell hakusaini, na lori likaondoka tupu. Watu ishirini na wawili tulirudishwa nyumbani wiki sita bila mshahara, katikati ya baridi ya Ohio. Wa ishirini na mbili nilikuwa mimi, niliyeanza hapa kwa kufagia na kujifunza hesabu kwenye maboksi. Nilimfuata uwanja wa magari.

"Mzee, umetufukuzisha kazi kwa ajili ya shetani wako wa inchi thelathini na nne!"

"Sijaandika shetani, kijana. Nimeandika nilichoona."

Sikumsalimia miaka miwili. Hakuna aliyeniomba radhi, si yeye wala ofisi, na kwa kuwa hii ni kumbukumbu, liandikwe na hilo.

Na hili pia liandikwe. Katika wiki hizo sita Wendell alifungua maboksi yote 1,140 na kuzijaribu mota moja moja. 1,131 zilirudi. Tisa ziliugusa ubao, zikaendelea kuukandamiza mpaka ukapasuka. Gia zake za plastiki zilikuwa na ufa. Sampuli yetu ya awali ilikuwa mota kumi na mbili, zote nzima. Nimepiga hesabu: kwa mzigo kama ule, mara tisa katika kumi sampuli ya kumi na mbili haitanasa hata moja mbovu. Zingepakiwa. Siku mota mbovu ya tisa ilipotolewa, mlango wa tatu ulishuka mpaka sakafuni, na haukurudi tena bila sababu kwa miaka kumi na minane.

Daftari la mwaka ule lilifaa kuchomwa tangu 1999. Limo kwenye droo ya chini. Jumatatu Wendell alinikabidhi ufunguo wake, maana nafasi yake naichukua mimi. Jumanne, kwenye mlango wa tatu, nilijaribu sampuli ya mzigo mpya, mota 860. Mizunguko ishirini, bila ubao. Kumi na tisa ilifika sakafuni. Katika mmoja mlango ulisimama, ukatulia kidogo, ukapanda. Nilipima mara mbili. Inchi 34, zote mbili.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimempima kimo mjukuu wangu Josie, mwenye miaka miwili, kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Alama ya penseli iko inchi 34.

Leo Bi. Brubaker amenipigia mara tatu. Lori liko uwanjani. Sijasaini, nimeanza kufungua maboksi.

Wendell, zile wiki sita nimeacha kuzihesabu. Asante kwa daftari. Nenda kavue samaki wako wa Ziwa Erie, uwapime kwa haki. Sote hapa tunakutakia siku njema na ndefu, na kila mlango ukushukie mpaka sakafuni.